Kumuaga Mnyama Mzee Wakati wa Vizuizi vya Janga

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Vizuizi vilivyofuata viligusa karibu kila sehemu ya maisha: ibada, shule, safari, harusi na mazishi. Mengi yameandikwa kuhusu familia zilizozuiwa kuwaaga wazazi au wenzi wao waliokuwa mahututi hospitalini. Machache mno yameandikwa kuhusu watu walioshindwa kumuaga mnyama aliyezeeka pamoja nao katika nyumba moja. Hata hivyo, huzuni ya watu hao huweza kumfikisha mtu katika kituo cha afya akilalamikia kukosa usingizi, kubanwa na kifua au kukosa hamu ya kula, huku sababu yenyewe akiificha kwa kuona haya.

Makala haya yanaeleza kinachotokea mnyama mzee anapofikia mwisho wa maisha yake, kile ambacho vizuizi vya janga vilikiondoa katika saa hizo, na athari za jambo hilo kwa afya ya aliyebaki. Hoja yake kuu ni kwamba kuaga ni sehemu ya huduma kwa aliyefiwa. Amri ya karantini inaweza kubadili namna ya kuaga, lakini mara nyingi haina sababu ya kitabibu ya kukufuta kabisa.

Wanyama watatu, maamuzi tofauti

Mwishoni mwa Februari 2020, mbwa mdogo wa jamii ya Pomeranian mwenye umri wa miaka 17 alichukuliwa kutoka nyumbani kwake Hong Kong na kuwekwa karantini, baada ya mwenye mbwa kuthibitika kuwa na virusi vya korona. Kwa mbwa, miaka 17 ni uzee mkubwa. Taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa baadaye mwaka huo katika jarida la Nature ilionyesha kuwa tayari alikuwa na ugonjwa sugu wa figo, shinikizo la juu la damu, mlio usio wa kawaida wa moyo na upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Vinasaba vya virusi vilipatikana katika sampuli 5 za pua zilizochukuliwa katika kipindi cha siku 13, lakini hakuonyesha dalili za ugonjwa wa upumuaji akiwa karantini. Vipimo vilipokuwa hasi aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 14 Machi. Siku mbili baadaye, tarehe 16 Machi, alikufa. Mwenye mbwa hakukubali uchunguzi wa maiti ufanyike, hivyo sababu ya kifo haikuthibitishwa.

Habari hiyo ilisambaa duniani kama habari ya virusi. Kwa mtazamo wa mwenye mbwa, ilikuwa pia habari ya kumwona mnyama mzee na mgonjwa akiondolewa nyumbani kwa zaidi ya wiki mbili, katika mwezi wake wa mwisho. Karantini ile ilikuwa na sababu ya haki, kwa kuwa wakati huo haikujulikana kama mbwa anaweza kuambukiza watu. Jambo la kuzingatia ni kwamba alirudishwa. Siku mbili hizo zilitosha kumfanya afe kwake.

Miaka sita kabla, katika mlipuko mwingine, hali ilikuwa tofauti. Oktoba 2014 muuguzi mmoja wa Madrid, Hispania, aligunduliwa kuwa na Ebola aliyoambukizwa alipokuwa akiwahudumia wagonjwa. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Excalibur, mwenye umri wa miaka 12. Mume wa muuguzi, ambaye naye alikuwa amewekwa chini ya uangalizi hospitalini, aliomba hadharani mbwa huyo asiuawe. Mamlaka zilimuua tarehe 8 Oktoba, mwenye mbwa akiwa bado kitandani akipigania maisha yake. Muuguzi alipona. Alirudi katika nyumba isiyokuwa na mbwa wake, wala hakupata nafasi ya kumuaga. Mwezi huohuo mjini Dallas, Marekani, muuguzi mwingine aliambukizwa Ebola, na mbwa wake aliyeitwa Bentley aliwekwa karantini kwa siku 21, akapimwa, kisha akarudishwa kwa mwenyewe aliyekuwa amepona.

Mifano hii inagusa wahudumu wa afya moja kwa moja, kwani katika mifano miwili ya mwisho aliyeachwa na majonzi au aliyepewa faraja alikuwa muuguzi.

Uzee wa mnyama na wakati wa kuaga

Mbwa wa jamii kubwa huanza kuzeeka akiwa na takriban miaka 7 au 8, na wale wadogo baadaye kidogo. Paka anayetunzwa vizuri huweza kufikisha miaka 15 au zaidi. Maradhi ya uzee wao yanafanana sana na ya binadamu. Paka wengi wazee hupata ugonjwa sugu wa figo: hunywa maji mengi, hukojoa sana, hukonda na kukataa chakula. Mbwa hupata maumivu ya viungo, udhaifu wa vali za moyo, saratani, na wengine hupata hali inayofanana na usahaulifu wa wazee: hupotea ndani ya nyumba wanayoijua, hubadili mchana kuwa usiku na kuwasahau watu wa karibu.

Swali gumu kwa familia ni lini itambue kwamba tiba imefika mwisho. Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani aliyebobea katika saratani, alitunga kipimo kinachotumika katika nchi nyingi. Kipimo hicho kina vigezo 7: maumivu, pamoja na uwezo wa kupumua vizuri, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila kigezo hupewa alama kutoka 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35 kati ya 70, maisha ya mnyama huhesabiwa kuwa bado yanavumilika. Faida ya kipimo hiki ni kwamba huwapa watu wa nyumbani lugha moja ya kuzungumza, na baadaye huwa kumbukumbu kwamba uamuzi haukufanywa kwa pupa.

Pale ambapo hakuna tena namna ya kuondoa mateso, daktari anaweza kupendekeza kifo cha huruma, yaani kumwezesha mnyama kufa bila maumivu. Kwa kawaida mnyama hupewa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha dawa ya usingizi aina ya pentobabitoni kwa kiwango kikubwa kupitia mshipa wa damu. Hupoteza fahamu katika sekunde chache, pumzi husimama, na moyo husimama katika dakika chache. Macho yanaweza kubaki wazi, misuli ikacheza, mkojo ukatoka, au ukasikika mkoromo wa mwisho. Mambo haya hutokea mnyama akiwa hana fahamu tena, wala si dalili za maumivu. Asiyeambiwa mapema huweza kubeba picha hiyo kwa miaka akidhani mnyama wake aliteseka. Mwenye swali la kidini kuhusu uamuzi huu apewe nafasi ya kumwuliza kiongozi wake wa dini kabla, maana swali lisilojibiwa kabla ya kifo hugeuka kuwa hatia baada yake.

Kilichobadilishwa na vizuizi

Nchini Uingereza amri ya kubaki nyumbani ilitangazwa tarehe 23 Machi 2020. Zahanati za wanyama ziliruhusiwa kuendelea na kazi, lakini katika wiki za mwanzo zilielekezwa kutoa kipaumbele kwa dharura. Kifo cha huruma kwa mnyama anayeteseka kilikuwa miongoni mwa dharura hizo. Utaratibu ulioenea ulikuwa huu: mwenye mnyama alibaki ndani ya gari kwenye eneo la maegesho, alieleza historia ya ugonjwa kwa simu, na muuguzi aliyevaa barakoa alikuja kumchukua mnyama na kuingia naye ndani. Wamarekani nao walitumia utaratibu wa namna hiyo. Kwa chanjo au kidonda ulikuwa usumbufu tu. Kwa mnyama aliyeletwa kufa, mlango ule uliofungwa ulikuwa ndio mahali pa kuagana.

Wakati huohuo, watu waliokuwa katika hatari kubwa kwa sababu ya saratani, upandikizaji wa viungo au maradhi makali ya mapafu walishauriwa wasitoke nje kabisa, na wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walishauriwa kujitenga kwa makini zaidi. Hao ndio wengi wao huishi peke yao na ndio ambao paka au mbwa huwa kiumbe pekee wanachokigusa kwa siku nzima. Kwa hiyo upweke, kifo cha mnyama na marufuku ya kutoka viliweza kumfika mtu mmoja katika wiki moja.

Afrika Mashariki vizuizi havikuwa sawa. Kenya iliweka marufuku ya kutoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, kati ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri, na kuanzia tarehe 6 Aprili ilizuia watu kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi. Mnyama aliyezidiwa saa 4 usiku alilazimika kusubiri kuche, na mtoto wa familia aliyekuwa Nairobi hakuweza kwenda nyumbani kumwona mbwa aliyekua naye. Tanzania haikuweka amri ya kubaki nyumbani, lakini wasafiri waliotoka nje ya nchi walitakiwa kukaa karantini kwa siku 14.

Madaktari wengi wa wanyama hawakuridhika na mlango uliofungwa, na katika miezi hiyo walibuni njia nyingine. Baadhi walifanya kazi hiyo nje, chini ya hema au kivuli cha mti, ambako hewa inapita. Wengine waliweka sindano kwenye mshipa wakiwa ndani, wakaunganisha mpira mrefu, kisha wakamrudisha mnyama mikononi mwa mwenyewe. Daktari aliweza kuingiza dawa akiwa umbali wa mita mbili. Wengine walimruhusu mtu mmoja tu wa familia kuingia akiwa amevaa barakoa. Hakuna hata moja kati ya njia hizi iliyohitaji mashine ya gharama. Zilihitaji mtu mmoja katika zahanati kuuliza ni hatari gani hasa inayozuiwa, na kama inaweza kuzuiwa kwa njia nyingine.

Huzuni isiyo na jina

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani wa masuala ya maombolezo, Kenneth Doka, aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui: ile ambayo aliyefiwa hawezi kuitangaza hadharani, wala kuliliwa, wala kusaidiwa. Kifo cha mnyama wa nyumbani ni mfano wake ulio wazi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaonyesha jambo hili. Mtu hufariki, mnyama hufa. Mwili wa mtu ni maiti, wa mnyama ni mzoga. Mtu huwekewa matanga, majirani huja kuhani, rambirambi huchangwa na pole hutolewa kwa siku kadhaa. Kwa mnyama hakuna neno la heshima wala siku ya kukaa. Hata hivyo sarufi ya Kiswahili humhesabu mnyama pamoja na watu, kwa maana hata kuku huitwa "yeye", naye huja, hula na hulala kama binadamu. Kwa hiyo lugha inautambua uhai wake ila haijamtengenezea nafasi ya kuombolezwa.

Desturi pia hutofautiana. Katika nyumba nyingi za pwani paka huingia jikoni na kulala mkekani, naye Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi, anajulikana kwa jina lenye maana ya baba wa kijipaka. Mbwa hubaki nje, na kwa wengi ni mlinzi. Anayemlilia mbwa huchekwa kirahisi kuliko anayemlilia paka. Lakini mlinzi wa usiku aliyezunguka na mbwa mmoja kwa miaka 10, au mchukuzi wa Lamu aliyefanya kazi na punda mmoja ujana wake wote, amepoteza mwenzake wa kazi na wakati mwingine kipato chake pia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake; asiyewahi kuishi na mnyama si mwamuzi mzuri wa ukubwa wa msiba huo.

Katika janga, huzuni hii ilipata sababu ya pili ya kufichwa. Watu walikuwa wakifa kwa maelfu kila siku. Aliyempoteza paka alijiona hana haki ya kulia. Huzuni, hata hivyo, haisubiri kupangiwa nafasi kwenye foleni.

Athari kwa mwili na akili

Baada ya kifo cha mnyama mtu anaweza kulia, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya kula, kushindwa kufikiri vizuri, au kusikia nyayo na mlio wa mnyama ambaye hayupo. Kusikia huko ni kwa kawaida katika maombolezo wala hakumaanishi ugonjwa wa akili. Ratiba ya siku huvunjika: aliyekuwa akitembea kila asubuhi kwa sababu ya mbwa huacha kutembea, aliyekuwa akikumbuka dawa zake anapomlisha paka husahau kuzimeza. Kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, mabadiliko haya yataonekana katika vipimo kabla hayajatajwa kwa mdomo.

Mara chache athari huwa kubwa na ya ghafla. Mwaka 2017 New England Journal of Medicine ilichapisha taarifa ya mwanamke wa Marekani mwenye umri wa miaka 61 aliyepata maumivu makali ya kifua baada ya kifo cha mbwa wake. Vipimo vya mwanzo vilifanana na vya shambulio la moyo, lakini mishipa ya moyo haikuwa imeziba. Alikuwa na hali iitwayo takotsubo, iliyoelezwa kwanza na madaktari wa Japani; katika hali hiyo wingi wa homoni za mshtuko hudhoofisha ncha ya moyo kwa muda na kuufanya utanuke kama chungu cha kutegea pweza, ambacho ndicho kilichoipa jina. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona katika wiki chache wakipata matibabu. Funzo kwa mhudumu ni mara mbili: maumivu ya kifua kwa mtu mwenye huzuni yachunguzwe kama dharura ya moyo hadi ithibitike vinginevyo, na swali "Je, umepatwa na msiba wowote?" lisiishie kwa binadamu.

Watu wengi hurejea katika hali yao kadiri miezi inavyopita. Wachache hubaki na majonzi makali yanayowazuia kuishi. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inautambua ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu pale majonzi yanapodumu zaidi ya miezi 6 na kuvuruga maisha. Maelezo yake yanazungumzia kifo cha mtu wa karibu, hivyo aliyefiwa na mnyama haingii moja kwa moja katika utambuzi huo. Lakini sonona, wasiwasi uliopitiliza na mawazo ya kujiua vinaweza kutambuliwa na kutibiwa vyovyote iwavyo, wala havihitaji kibali cha kujua aliyekufa alikuwa nani.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Kwanza, aulize. Katika historia ya mgonjwa, swali "Nyumbani unaishi na nani?" liongezewe "Kuna mnyama unayemtunza?" Swali hili lina umuhimu wa pekee kabla ya kumlaza mgonjwa au kumweka karantini. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera Machi 2023 ulikumbusha kwamba ufuatiliaji wa siku 21 wa waliokaribiana na mgonjwa si jambo la nchi za mbali. Mtu anayejua nani atamlisha mnyama wake hukubali karantini kwa utulivu zaidi kuliko anayehofia atamkuta amekufa.

Pili, atumie jina la mnyama iwapo mgonjwa amelitaja, na aepuke maneno yanayofunga mazungumzo, kama vile "alikuwa mbwa tu", "utapata mwingine" au "kuna wenye misiba mikubwa zaidi". Neno "pole" linatosha kuanzia.

Tatu, asikilize hatia. Malalamiko yanayojirudia ni haya: nilichelewa, niliharakisha, nilimwacha afe mikononi mwa wageni. Hatia hupungua kwa maelezo ya kweli ya kitabibu: kwamba figo zilizokufa hazirudi, kwamba dawa ya usingizi huondoa fahamu kabla ya moyo kusimama, kwamba kubaki nje ya mlango kulikuwa ni kutii agizo la kulinda uhai wa watu na hakukuwa kumtelekeza mnyama.

Nne, aulize wazi kuhusu mawazo ya kujiua pale mtu anapoishi peke yake, ana sonona ya zamani, au anaposema hana tena sababu ya kuamka asubuhi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Ampangie siku ya kurudi ndani ya wiki mbili, na ampeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili inapobidi.

Tano, awakumbuke watoto. Mtoto mwenye umri wa chini ya miaka 5 bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi. Akiambiwa mbwa "amelala" anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri" atamsubiri. Aambiwe kwa maneno mepesi kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi, na kwamba kosa si la mtoto.

Kuaga pale mlango unapofungwa

Kuaga kuna mambo manne: kujua kwamba mwisho umefika, kuwapo, kusema la mwisho, na kuustiri mwili. Vizuizi vikiondoa moja, matatu yaliyobaki yaimarishwe.

Asiyeweza kuwapo anaweza kuzungumza kwa simu iliyowekwa karibu na sikio la mnyama, kwani sauti anayoijua inaweza kumtuliza. Anaweza kutuma kanga au shuka lenye harufu ya nyumbani mnyama alalie. Familia iage nyumbani kabla ya safari, bila haraka, kwa kuwa hakuna sheria inayosema kuaga lazima kutokee kwenye meza ya daktari. Mfanyakazi mmoja wa zahanati akae na mnyama hadi mwisho, kisha ampigie mwenyewe simu amweleze kwa ukweli: nani alimshika, ilichukua muda gani, alikuwaje. Maelezo hayo ya dakika tatu huziba mahali ambapo pangejazwa na mawazo ya kutisha. Ukosi, kishungi cha manyoya au picha virudishwe nyumbani. Vizuizi vinapoondolewa, wanafamilia waliokuwa mbali wanaweza kukutana mahali mnyama alipozikwa. Kuaga kuliko chelewa bado ni kuaga.

Kuustiri mwili kwa usalama

Mnyama aliyekufa kwa dawa asitupwe jalalani wala porini. Dawa hubaki katika mwili wake na huweza kuua mbwa, tai na wanyama wengine watakaoula. Azikwe katika shimo refu, mbali na kisima, au ateketezwe kwa moto mahali palipoidhinishwa.

Tahadhari ya kichaa cha mbwa isisahaulike kwa sababu ya huzuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa. Iwapo mnyama alimng'ata mtu katika siku 10 kabla ya kufa, au alibadilika tabia ghafla, akatokwa na mate mengi au kupooza, asizikwe kabla ya kutoa taarifa kwa ofisa mifugo. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikianza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Hitimisho

Maagizo ya kuzuia maambukizi huandikwa kwa haraka, na waandikaji wake hawawezi kufikiria kila nyumba. Ni mhudumu aliye mlangoni anayeona kwamba mwanamke mzee mbele yake amebeba kikapu chenye paka wa miaka 16, na kwamba hewa ya nje, barakoa mbili na umbali wa mita mbili vinatosha kumruhusu akae naye. Janga jingine litakuja, na vizuizi vitarudi. Zahanati ya wanyama na hospitali ya watu zinaweza kuamua sasa, kabla ya haraka hiyo, nani ataruhusiwa kuwapo mwishoni, na nani atapiga simu kwa yule asiyeweza kuwapo.